Maswali ya Wasomaji: Nani kakwambia babu alizaliwa 1912?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu habari ya kuandika historia ya ukoo, basi barua zimemiminika mpaka mhariri kaniachia kurasa zote za safu hii. Nyingi zimetoka Tabora na Kigoma. Nimechagua hizi, nyingine nimezifupisha, majina ya waandishi hatuyaweki maana mambo ya ukoo yana wenyewe.

Isevya, Tabora

*Shikamoo mwalimu. Mi ni binti, nakusanya habari za ukoo wetu upande wa baba tangu nikiwa chuo. Nina madaftari, nina voisi za mashangazi kwenye WhatsApp, nina picha kibao kwenye simu. Sasa Idi tulikuwa nyumbani wote nikawasomea nilichoandika, nilipofika pale "babu alizaliwa 1912" baba mkubwa akanikatisha, nani kakwambia 1912? Nikakosa jibu. Najua kuna mtu aliniambia ila nani sikumbuki, na kwenye daftari jingine nimeandika 1908. Baba mkubwa akacheka akasema basi hizo ni hadithi za sungura na fisi. Imeniuma sana. Nianze upya au niache?*

Marahaba binti yangu. Usiache, na usianze upya, na tafadhali usichane ukurasa hata mmoja. Baba mkubwa kakukera lakini swali lake ndo lenyewe, nani kakwambia, na hilo swali linatakiwa liwe na jibu kwenye kila mstari wa daftari lako kabla mtu hajauliza.

Chukua kaunta buku, ya kwaya mbili inatosha. Kila ukiongea na mtu fungua ukurasa mpya, upe namba, na kabla hujaandika neno lolote la babu andika juu: leo tarehe ngapi, mmekaa wapi, anayeongea ni nani kwako na ni nani kwa huyo marehemu, hilo jambo aliliona mwenyewe au kalisikia, na kama kalisikia kalisikia kwa nani. Andika pia nani wengine walikuwepo. Hilo watu wanalidharau, lakini shangazi akiongea mbele ya kaka yake mkubwa siyo shangazi yuleyule mkiwa wawili jikoni mnachambua mchele.

Halafu ndo unaandika maneno yake, kama alivyoyasema, na chini yake kwa mstari tofauti unaandika ulichofikiria wewe. Usivichanganye hivyo viwili. Ngoja nikuonyeshe ukurasa unavyokaa:

*Uk. 14. Barazani kwa shangazi mdogo, Isevya, Jumapili baada ya adhuhuri (tarehe unaweka). Anaongea shangazi mdogo, mtoto wa mwisho wa babu. Mama yupo pia. Kasema: "Baba alikuwa anatuambia reli inafika hapa yeye ameshaanza kuchunga mbuzi." Kasikia kwa babu mwenyewe. DHANA YANGU: reli imefika Tabora 1912. Mtoto anaanza kuchunga na miaka sita saba hivi. Labda kazaliwa kati ya 1904 na 1906.*

Umeona? Na mi nahisi, nasema nahisi, hiyo 1912 yako imetokea palepale. Mtu kasikia babu na reli kwenye sentensi moja, mtu mwingine anajua reli ilifika 1912, wakaunganisha, ikawa babu kazaliwa 1912. Ukiwa umeandika maneno ya shangazi yalivyo utarudi utaona mahali kosa lilipoingilia. Ukiwa umeandika "1912" peke yake huna pa kurudi.

Sasa hayo madaftari ya zamani. Yapitie taratibu na peni ya rangi nyingine, pale unapokumbuka kwa uhakika nani alikwambia andika pembeni, pale usipokumbuka andika "chanzo sikijui" na uendelee. Usibahatishe jina la shangazi ili tu pasikae wazi. Zile 1908 na 1912 zote zibaki, usichague moja eti kwa sababu inapendeza kwenye mti wa ukoo. Halafu wale walio hai warudie, na ukiwarudia usiwapelekee mwaka mdomoni. Ukimuuliza mzee "eti babu alizaliwa 1912?" atakwambia ehee, ndiyo mwanangu, maana umekuja na sukari na hataki kukuvunja moyo. Muulize alikuwa mkubwa kwa nani, mdogo kwa nani, alikuwa anafanya nini wakati fulani, kisha nyamaza umsikilize.

Voisi nazo zina shida yake. Simu ikiibiwa Kachoma sokoni ndo imetoka hiyo. Zihamishie kwenye memori kadi au kompyuta na ubadilishe jina la faili, kwa sababu lile jina linaloanza na PTT lina tarehe ambayo simu yako imeipokea ile sauti, siyo lazima iwe siku shangazi aliyoongea, kama alimtumia dada yako kwanza na dada akakurushia wewe mwezi ujao tarehe imeshapotea njia. Liite kitu kama "shangazi mdogo, harusi ya babu" na tarehe. Na kwenye kaunta buku andika dakika, "kasema dakika ya 4 hivi", usije ukasikiliza nusu saa nzima kutafuta jina moja la mke mdogo.

Na mahakamani umewahi kwenda? Kama babu aliacha nyumba au shamba na watoto wakafungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, kuna faili, na ndani yake kwa kawaida kuna muhtasari wa kikao cha ukoo, walioketi, waliosaini, warithi wametajwa mmoja mmoja. Muulize aliyekuwa msimamizi wa mirathi, mara nyingi nakala ipo kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati. Ukiinakili andika namba ya shauri na mwaka. Ila ujue na huo muhtasari uliandikwa na watu waliokuwa na lao pale, mtoto wa nje anaweza asiwemo kabisa, kwa hiyo kutokuwemo kwake kwenye karatasi hakumfanyi awe hakuzaliwa.

Urambo

*Mwalimu mwangaluka. Bibi yetu ana kitambulisho kinasema 1 Julai 1938 ila yeye mwenyewe anasema alizaliwa mwaka wa nzige, na kaka yake marehemu alizaliwa wakati wa vita ya Mjerumani. Tuandike ipi?*

Mwangaluka. Andikeni zote, kila moja na mwenyewe. "Bibi kasema mwaka wa nzige" ni mstari mmoja, "kitambulisho kinasema 1 Julai 1938" ni mstari mwingine.

Hiyo tarehe 1 Julai ishuku. Ukikuta mzee wa umri ule ana 1 Januari au 1 Julai, mara nyingi mtu alikaa mezani akaulizwa mwaka, akakisia, na siku ikajazwa tu ili fomu isikae wazi. Haimaanishi kitambulisho ni cha uongo, kinamtambulisha bibi vizuri tu, ila kwenye tarehe ya kuzaliwa hakina nguvu kuliko huyo aliyekisia.

Nzige wamekuja zaidi ya mara moja. Miaka ya mwanzo ya 1930 walisumbua sana Tanganyika, lakini msikimbilie hapohapo, muulizeni bibi mwaka huo mama yake alikuwa anasimulia nini kingine, mtemi alikuwa nani, walikuwa wanakaa kijiji gani, nani kwenye ukoo alikuwa ameshaolewa.

Na hiyo "vita ya Mjerumani" ndo nataka muiangalie kwa makini maana kwa huku kwetu ni vita kama tatu. Kuna mzee akisema hivyo anamaanisha ile ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, Wajerumani walipoivunja boma yake Januari 1893. Kuna anayemaanisha vita kuu ya kwanza, Wabelgiji wakaingia Tabora Septemba 1916. Na kuna wanaosema vita ya Mjerumani wakimaanisha ya Hitla, 1939 mpaka 1945, babu zao walienda keya, jeshi la Mwingereza. Kati ya ya kwanza na ya mwisho ni zaidi ya miaka 45, yaani unaweza ukamfanya mtu baba wa baba yake mwenyewe. Ulizeni: Wabelgiji walikuwepo? Hela ilikuwa rupia au shilingi? Watu walipelekwa Burma?

Kwenu Urambo mna alama nyingine nzuri, karanga. Mpango wa Waingereza wa karanga ulianza 1947 ukafutwa 1951, na Urambo ilikuwa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mzee akisema "nilikuwa kijana nabeba visiki vya karanga" mmeshapata pa kushika. Mkiandika, andikeni "kati ya mwaka fulani na fulani", msiogope, mwaka mmoja uliosimama peke yake bila sababu ndo wa kuogopa.

Kasulu

*Bwana Yesu asifiwe mwalimu. Nilienda parokiani kutafuta ubatizo wa babu mzaa mama, katibu akanipa cheti kipya cha ubatizo kimepigwa chapa na muhuri. Nimekipiga picha. Inatosha?*

Amina. Kwa kazi ya shule au ndoa kinatosha. Kwa kazi yako hii bado.

Hicho cheti ni nakala aliyoitoa katibu siku hiyo, kaandika alichoona kinahitajika, mara nyingi jina, wazazi, tarehe, padri, basi. Kitabu chenyewe kina zaidi. Omba kwa adabu, siku isiyo ya ofisi kujaa, uonyeshwe mstari wa babu au usomewe wote ulivyo, na uandike: kitabu namba ngapi, ukurasa, namba ya ubatizo, tarehe, jina kama lilivyoandikwa, wazazi, msimamizi, padri, na halafu pembeni kabisa. Pembeni ndo kwenye nyama. Kanisa Katoliki linataka kipaimara na ndoa zirudishwe kuandikwa kwenye kitabu cha ubatizo, kwa hiyo kama babu alioa parokia nyingine unaweza ukakuta pembeni pale jina la bibi, mahali na tarehe. Paroko akikataa usione vibaya, mle ndani kuna mambo ya watu wengine pia, muombe basi katibu akunakilie mstari mzima pamoja na ya pembeni, na kwenye kaunta buku uandike kwamba kitabu hukukiona kwa macho yako, umesomewa.

Vitabu vya zamani ni Kilatini. Yohana utamkuta Joannes, filius ni mtoto wa kiume wa fulani, filia wa kike, patrinus ni msimamizi. Ukikuta in periculo mortis ujue alibatizwa akiwa mahututi, na hilo lenyewe ni habari ya ukoo, muulize bibi aliumwa nini. Usigeuze hapohapo kuwa Kiswahili, nakili Kilatini kwanza na majina ya asili herufi kwa herufi, hata kama padri wa kizungu kaliandika jina la Kiha vibaya mpaka unacheka. Ukilirekebisha wewe, mwenzio akienda kulitafuta mle kitabuni halipati.

Na tarehe ya ubatizo siyo ya kuzaliwa. Wamisionari wa White Fathers walifika Ujiji 1879, wengi wa mwanzo walibatizwa wakubwa baada ya kusoma ukatekumeni, yaani mafundisho ya kabla ya ubatizo, kwa miaka. Halafu parokia zimezaana, yako inaweza kuwa mpya kuliko babu, uliza ilikatwa kutoka ipi. Ndugu wa upande wa baba kama ni Waanglikana makao makuu ya dayosisi yapo hapohapo Kasulu, anzia kwao.

Ujiji

*Assalaam alaykum. Sisi hatuna vitabu vya ubatizo mwalimu, na wazee wengi wameshatangulia. Kuna sanduku la babu lina karatasi za maandishi ya Kiarabu, moja ina mwaka 1340. Tufanyeje?*

Waalaykum salaam. Hamna vitabu vya ubatizo lakini mna sanduku, na kuna koo zingetoa ng'ombe kulipata.

Kwanza msizitoe zikatawanyika. Zilivyopangana ndani ya sanduku ni habari pia, karatasi mbili zilizokunjwa pamoja huenda ni jambo moja. Zipeni namba kwa penseli kwenye bahasha, siyo kwenye karatasi yenyewe, halafu pigeni picha kila moja mbele na nyuma, nzima na pembe zake zote nne, siyo ile picha ya kukata katikati kwa sababu ndo penye maandishi. Nyuma kuna muhuri, kuna hesabu za mkopo, kuna jina la aliyepeleka barua.

Mwaka 1340 wa Hijria ulianza Septemba 1921 ukaisha Agosti 1922, kwa hiyo kama karatasi haina mwezi usiandike 1922, andika "1340 Hijria, ni 1921 au 1922". Na mzee aliyekuwa anahesabu umri kwa Hijria anawapita kidogo wanaohesabu kwa kalenda ya ofisini, miaka 66 yake ni kama 64 ya huku, mwaka wa Hijria una siku 354 au 355.

Kusoma, mtafuteni ustadhi anayejua Kiswahili cha zamani kwa herufi za Kiarabu, maana huenda ni Kiswahili siyo Kiarabu. Tena mtafuteni wa pili asome peke yake bila kuambiwa wa kwanza kasoma nini. Uandishi ule b, p na mb mara nyingi zinakaa kwenye herufi moja, g na ng hivyohivyo, kwa hiyo jina la mtu au la kijiji linaweza kusomeka namna mbili na ustadhi mzuri atachagua lile analolijua yeye. Andikeni nani kasoma, lini, na pale alipositasita muweke alama ya kuuliza.

Mkikuta karatasi ya Kifaransa msishangae, Ujiji na Kigoma zilikaa chini ya Wabelgiji toka 1916 mpaka 1921. Vyeti vya ndoa vya karibuni ulizeni BAKWATA, lakini hiyo imeanza 1968, ya nyuma ya hapo ni kwa kadhi, kwa liwali, au kwa shehe aliyefungisha na daftari lake liko kwa wajukuu zake.

Mwanga, Kigoma Mjini

*Binamu yetu yuko Dar katuma kwenye grupu la familia mti wa ukoo mpaka kizazi cha tisa, mzuri, wa rangi. Mashangazi watatu wamesema ni kweli. Naweza kuuingiza kwenye kazi yangu?*

Uingize, ila kila jina uliandikie "binamu wa Dar, tarehe fulani, hakusema katoa wapi", na umpigie simu umuulize. Akikwambia vizazi vinne vya juu kavipata kwa mzee fulani, mzee anakuwa chanzo na binamu ni mpitishaji. Akikwambia "kila mtu anajua", basi hapo hakuna chanzo.

Mashangazi watatu sasa. Hao wote watatu si walilelewa na bibi mmoja? Kama hadithi wameipata kwa bibi yuleyule akiwasimulia usiku uleule, hao ni shahidi mmoja mwenye midomo mitatu. Lakini ukimpata mzee wa upande mwingine kabisa, labda kwa shemeji zenu, labda mtani wa ukoo, ambaye hajawahi kukaa na bibi yenu akakutajia jina lilelile, huyo mmoja ana uzito kuliko watatu wa nyumbani. Watani hasa msiwasahau, wanajua ya kwenu ambayo nyinyi mliyaficha, na msibani wanayasema wakicheka.

Ndo maana mi siuamini sana wasifu wa marehemu unaosomwa siku ya mazishi. Umeandikwa usiku kwa haraka, kwa kunakili wasifu wa msiba uliopita, mwaka ukikosewa mara moja unasomwa kwenye misiba minne inayofuata na kila mtu anauona kama umethibitika. Utunze, uandike ulisomwa na nani na kwenye msiba gani, basi. Daftari la rambirambi ndo zuri zaidi, hakuna anayelithamini, linabaki na mhasibu wa msiba halafu linafungiwa vitumbua, kumbe mle kuna majina ya waliotoa, wametoka wapi, shemeji wa Uvinza, wajomba wa Buhigwe, wengine hujawahi kuwasikia.

Kibondo

*Babu yangu alienda manamba Tanga hakurudi. Tunaambiwa alikuwa mkonge. Kuna pa kutafuta?*

Pole. Nyumba nyingi za Buha zina mtu wa namna hii.

Kuna pa kutafuta lakini nisikudanganye, majina ya vibarua mmoja mmoja siyo rahisi kuyapata kwenye mafaili ya serikali, utakachokuta zaidi ni habari za uandikishaji, idadi, malalamiko, barua za mabwana shauri. Nyaraka za Taifa ziko Upanga, Dar es Salaam, unaomba kibali cha kusoma, na kwa kawaida mafaili yanafunguliwa yakishafika miaka 30. Ujue wakati wa Mwingereza Kigoma ilikuwa ndani ya Jimbo la Magharibi na makao yake Tabora, kwa hiyo usiishie kwenye faili lenye jina la Kigoma au Kibondo, ulizia na mafaili ya jimbo. Kama aliondoka kuanzia 1944 tafuta pia neno SILABU, ndo ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa mwaka huo kuandikisha watu.

Kila faili ulilofungua andika namba yake kamili, jina lake kwenye jalada, na ukurasa. Na hapa watu wengi hawafanyi: faili ulilosoma lote ukakosa, nalo liandike. "Nimesoma lote, tarehe fulani, jina halimo." La sivyo mjukuu wako atapanda treni siku mbili kwenda kusoma faili lilelile ulilolisoma wewe.

Nyumbani je? Kama bibi alitunza kipande, ile karatasi ya kazi ya siku 30, itakuwa na jina la shamba. Barua yoyote, hata bahasha tupu yenye muhuri wa posta, Korogwe, Muheza, wapi. Muulize bibi pia alisindikizwa na nani, maana vijana waliondoka kwa makundi na huenda mwenzake alirudi.

Ulyankulu

*Wazazi walitoka Burundi 1972 bila hata karatasi moja. Tunaandikaje ukoo, na majina yetu hayafanani?*

Karatasi zitakuja baadaye, kwanza mahali. Kila mzee akikutajia alikotoka andika komini (kama wilaya ndogo) na kolini yake (kilima, ndo kama kijiji) kama anavyoitamka yeye, jina la kolini ndo litakalokufikisha, "Burundi kusini" haitoshi. Majina kutofanana lisikusumbue wala usiwape wote jina moja la ukoo ili mti upendeze, Warundi kila mtoto ana jina lake, ndugu sita wa baba mmoja mama mmoja majina sita. Kwa hiyo kwenye kila ukurasa lazima uandike mtoto wa nani na nani, kila mara, hata ukichoka. Na jina alilopewa au aliloandikiwa alipofika kambini kama ni tofauti na la kwao, liandike pembeni na useme limetoka wapi.

Sikonge

*Baba mdogo anakataa kurekodiwa, anasema ya ukoo siyo ya simu. Halafu kuna jambo la bibi mkuu kuletwa na msafara kama mjakazi, hataki liandikwe.*

Zima simu, weka mfukoni, msikilize. Ukifika nyumbani usiku huohuo andika, na juu yake uweke "nimeandika kwa kukumbuka, saa chache baadaye", ili msomaji ajue siyo maneno yake neno kwa neno.

La bibi mkuu ni zito na halipo kwenu peke yenu, Tabora na Ujiji zilikuwa njia ya misafara, na utumwa Tanganyika ulifutwa kisheria 1922 tu, juzi. Mwambie baba mdogo utaliandika kwenye daftari la pembeni, siyo kwenye mti wa ukoo wala grupu la familia, na uandike "msimulizi ameomba lisisambazwe". Na kweli usilisambaze. Akikataa hata hivyo, acha kwa sasa, anaweza kukuita mwenyewe mwakani. Wale watakaokuja kuuliza kwa nini pana pengo waandikie tu kwamba kuna jambo mzee hakutaka liandikwe, pengo lenye maelezo siyo sawa na pengo tupu.

Nzega

*Nimekusanya vyeti vya zamani vya baba na mama, nataka nivilaminishe visiharibike. Na nani akae navyo?*

Usilaminishe! Joto linaingia, gundi inaingia, na huwezi kuitoa tena bila kuchana. Weka kila kimoja kwenye bahasha yake, ndani ya tranka ya bati, tranka juu ya matofali maana mchwa wa Nzega unawajua kuliko mimi, na mbali na ukuta unaopata mvua.

Asili ikae nyumba moja, fotokopi nyumba mbili tofauti, na karatasi moja ya orodha inayosema kipi kiko kwa nani, orodha hiyo wote wawe nayo. Aliyeazima cheti kwenda kukifanyia shughuli aandike kwenye orodha na asaini, hata awe kaka mkubwa. Zile picha mbili ulizotutumia tumezirudisha kwa posta Jumatatu, nyuma yake hapakuwa na neno lolote, ukizipata ziandike majina kwa penseli laini na jina la aliyekutajia, mama yako si yupo bado.